Tovuti Hufia Mwaka wa Pili

Bonasi ya majani chai ikiingia Oktoba, miji ya Litein, Kapkatet, Mogogosiek na Silibwet, huku kwetu Kericho na Bomet, hubadilika sura kwa wiki mbili tatu. Mabati yanapakiwa kwenye pikapu, madeni ya karo yanapunguzwa, ng'ombe wa maziwa wananunuliwa. Siku hizi kuna matumizi mengine yaliyojiunga na hayo. Mwenye duka la dawa, nyumba ya wageni au karakana ya fanicha anaamua kwamba mwaka huu na yeye atakuwa na tovuti. Anamtafuta kijana wa kumtengenezea, ambaye mara nyingi ni yule yule wa saiba anayemjazia fomu za KRA na eCitizen, au mpwa aliyesomea kompyuta Kabianga. Wanapatana bei, malipo ya kwanza yanatumwa kwa M-Pesa, na kabla mwezi haujaisha tovuti iko hewani. Picha yake inazungushwa kwenye vikundi vya WhatsApp vya ukoo na vya kanisa, na pongezi zinamiminika.

Mimi nataka kuzungumzia Oktoba inayofuata.

Jina la tovuti, lile linaloishia na .co.ke, halinunuliwi, hukodishwa. Ada yake ni kama shilingi elfu moja kwa mwaka, pengine na kitu juu, na hulipwa kupitia kwa msajili aliyeidhinishwa na KeNIC, shirika linalosimamia majina yote ya .ke. Mahali pa kuhifadhia kurasa zenyewe nako kuna kodi yake. Tarehe ya kulipa ikikaribia, msajili hutuma barua pepe ya kukumbusha. Inakwenda kwa nani? Kwa kijana, maana ndiye aliyejisajili kwa jina lake ili kazi iende haraka. Na kijana sasa ameajiriwa Nairobi, au yuko Qatar, au amebadilisha laini na barua pepe kwa pamoja. Ukumbusho unafika mahali pasipo na msomaji. Tovuti inazimwa, na mwenye biashara anakuja kujua miezi kadhaa baadaye, mteja anapomuuliza kama bado yuko kazini.

Hakuna aliyeiba hapo, wala aliyedanganya. Makubaliano yao yalikuwa ya kujenga tu, kutunza hakukutajwa. Ndiyo maana nasema mradi wa tovuti usihesabiwe kuwa umefaulu siku unapozinduliwa. Uhesabiwe siku ada ya mwaka wa pili inapolipwa na mtu anayejua analipia nini.

Haya si makosa ya wenye maduka wa Bomet peke yao. Taifa zima limewahi kuyapitia, tena kwa msaada wa kampuni tajiri kuliko zote katika shughuli hiyo. Septemba 2011 Google, kwa ushirikiano na Safaricom, Equity Bank na KeNIC, ilizindua mpango wa kuziingiza biashara za Kenya mtandaoni. Lengo lililotangazwa lilikuwa biashara ndogo na za kati 100,000. Mwenye biashara angepewa chombo rahisi cha kujitengenezea kurasa, na jina la .co.ke bila malipo kwa mwaka wa kwanza. Wakati wenyewe ulikuwa mwafaka. Nyaya za Seacom na TEAMS zilikuwa zimefika Mombasa mwaka 2009 na bei ya intaneti ilikuwa inashuka, M-Pesa ilikuwa na umri wa miaka minne na kila mtu alikuwa ameizoea. Ukiusoma mpango ule kwenye karatasi, huoni pa kuukosoa.

Isipokuwa pale palipoandikwa mwaka wa kwanza. Kilichotolewa bure ndicho kilichokuwa rahisi tangu mwanzo. Shilingi elfu moja haijamzuia mfanyabiashara wa Kapsoit kuwa na tovuti. Kinachomzuia ni kukosa mtu wa kuandika bei mpya sukari inapopanda, wa kupiga picha makochi yaliyomalizika jana, na wa kumjibu mteja aliyeuliza usiku. Mtu huyo hakuwa kwenye bajeti ya Google, na hayumo kwenye bajeti ya mwenye duka mpaka leo.

Kisa kilichofuata kinafundisha zaidi kuliko mpango wenyewe. Wakati huo Nairobi kulikuwa na kampuni iitwayo Mocality, iliyokuwa na orodha ya zaidi ya biashara laki moja za Kenya pamoja na namba zao za simu. Orodha ile haikukusanywa kwa kompyuta. Wakenya wa kawaida walipita mlango kwa mlango wakiandikisha vioski, saluni na karakana, wakalipwa kwa M-Pesa. Januari 2012 Mocality ilitangaza kwamba watu waliokuwa wakifanya kazi kwa niaba ya mpango wa Google walikuwa wakichota namba kutoka kwenye orodha hiyo na kuwapigia simu wafanyabiashara, wakidai kwamba kampuni hizo mbili zinashirikiana. Mocality iliwategea mtego: wageni wa tovuti yake waliotoka kwenye anwani ya intaneti iliyoshukiwa walionyeshwa namba za simu za ofisi ya Mocality yenyewe, na simu zilipoingia zikarekodiwa. Google iliomba radhi hadharani.

Watu wengi walikumbuka aibu. Mimi nakumbuka sababu. Kampuni yenye ramani ya dunia nzima ilikwama kwenye jambo dogo kama la kujua namba ya simu ya kinyozi, na jambo hilo lilikuwa mikononi mwa vijana waliotembea kwa miguu. Mpango wa kuwapa watu tovuti ulikuwa unawahitaji waliokuwa wameshawajua watu. Mocality nayo haikudumu. Ilifunga mwaka 2013.

Bure nyingine ilikuja baadaye na ikaondoka vilevile. Aliyeiandikisha biashara yake kwenye ramani ya Google aliweza kupata ukurasa mdogo wa tovuti bila gharama yoyote. Machi 2024 kurasa hizo zilizimwa. Kwa muda, anwani zake zilimpeleka mteja kwenye ramani, na baada ya tarehe 10 Juni zikaacha kufanya kazi kabisa. Aliyekuwa ameipaka anwani ile rangi kwenye ukuta wa duka lake barabara ya Sotik, shauri yake na brashi.

Hata kule kwenye ramani kwenyewe mambo hayakuwa mepesi. Kwa miaka mingi njia ya kawaida ya kuthibitisha kwamba biashara ipo ilikuwa kadi ya posta yenye namba ya siri, iliyotumwa hadi mlangoni, na sanduku la posta halikukubaliwa kuwa anwani. Sasa mwelekeze tarishi mpaka duka la Chepseon lililo mkabala na kituo cha mafuta, baada ya kanisa la mabati. Hatuna namba za nyumba. Tuna masanduku ya posta, na tuna watu wa boda boda wanaojua kila mtu anapoishi. Aliyeubuni utaratibu ule hakuwa mjinga, alikuwa mbali.

Je, ina maana teknolojia haishiki huku milimani? Mtu akisema hivyo, mpeleke kwenye kituo cha majani chai mchana mmoja mvua ikiwa inakaribia. Mkulima anafika na gunia lake. Karani analining'iniza kwenye mizani ya kielektroniki, anasoma kadi ya mkulima kwa kifaa cha mkononi, na karatasi ndogo inachomoza yenye namba yake na kilo zake. Mkulima anaikunja na kuitia mfukoni. Bibi wa miaka sabini asiyejua kusoma anajua karatasi ile inatakiwa kutoka, na isipotoka haondoki hapo. Mizani hiyo inanyeshewa, inajaa vumbi, inabebwa kwenye lori, na bado inatumika, na ikiharibika kuna ofisi ya kiwanda inayotakiwa kuitengeneza kabla ya zamu ijayo. Inaishi kwa sababu kuna karani anayelipwa kuishika kila siku ya kununua majani, na kwa sababu upande wa pili kuna mkulima anayeidai karatasi yake. Ondoa mmoja kati ya hao wawili uone kama itamaliza msimu.

Tovuti nyingi za biashara ndogo hazina karani, wala hazina wa kuzidai. Hapo ndipo pa kuanzia, hata kabla ya kumuuliza fundi bei: nani ataifungua? Jirani haifungui. Jirani anaona bidhaa kwenye Status ya WhatsApp, anapiga simu, analipia kwenye till, na boda boda inamletea. Muuza mbegu na mbolea wa Longisa anayehudumia wakulima wa kilomita kumi kumzunguka, kwa maoni yangu, hahitaji tovuti. Anahitaji WhatsApp Business yenye picha na bei, na simu isiyozimwa. Najua mafundi watanikasirikia.

Lakini wapo wanaoihitaji kwa dhati, na katika nchi hii ya chai si wachache kama inavyodhaniwa. Hospitali ya Tenwek, iliyoanzishwa na wamishonari mwaka 1937, huwapokea wagonjwa kutoka kaunti za mbali, wakiwemo wa upasuaji wa moyo. Kila mgonjwa ana ndugu, na ndugu anahitaji mahali pa kulala pasipo ghali. Anatafuta kwenye simu akiwa bado Kisii au Nakuru, na hamjui mtu yeyote Bomet. Mjini Kericho kuna gurdwara, hekalu la waumini wa Sikh, inayomuenzi Baba Puran Singh, aliyeishi na kufanya kazi mjini humo kabla ya kuhamia Uingereza, na waumini wake huja kutoka Birmingham na kwingineko; hao hupanga safari miezi kabla. Halafu kuna wakulima wa chai ya zambarau. Aina ya TRFK 306 ilitolewa na watafiti wa chai wa Kericho mwaka 2011, mwaka ule ule wa mpango wa Google, na wakulima wakaambiwa wapande kwa sababu itakuwa na bei nzuri. Walipanda. Viwanda vya kuisindika peke yake vilikuwa vichache, na wengi wao majani yao yaliishia kuchanganywa na ya kijani. Kikundi kinachoisindika chenyewe leo mnunuzi wake hayuko Kericho, kwa hiyo tovuti ndiyo duka lake.

Tuchukue nyumba ya wageni ya vyumba vinane karibu na Tenwek, tuone kazi inavyokwenda. Mwenyewe ni mama aliyestaafu ualimu. Fundi ni kijana wa miaka ishirini na minne, labda mmoja wa waliopitia mafunzo ya Ajira Digital, mpango ambao serikali imekuwa ikiuendesha tangu 2016 kuwafundisha vijana kazi za mtandaoni. Anaijua kazi yake. Wamepatana shilingi elfu thelathini, nusu mwanzo na nusu mwisho.

"Mama, naomba picha za vyumba na bei zake," kijana anaandika.

"Weka tu zozote, mwanangu, wewe ndiye unajua mambo hayo."

Anasubiri wiki mbili, kisha anaweka zozote. Kitanda cha hoteli ya Ulaya, mzungu anayecheka akiwa na kikombe, na shamba la chai lililojaa wanawake waliovaa sari, maana ukiandika chai kwenye intaneti picha za India na Sri Lanka ndizo hutangulia. Bei haziwekwi, kwa kuwa mama anaogopa washindani wataziona. Badala yake kunawekwa ukurasa wa Dira, Dhamira na Maadili ya Msingi, kama wizara. Sijawahi kumwona msafiri aliyechagua kitanda kwa sababu ya dhamira ya nyumba.

Mgonjwa wa Kisii ana dada yake anayetafuta malazi saa nne usiku. Anaifungua tovuti hiyo kwa bando lililobaki kidogo. Anataka mambo matatu: bei, namba ya simu, na umbali kutoka lango la hospitali. Anapata picha kubwa inayojifungua polepole na fomu ya kujaza ujumbe. Ujumbe wa fomu hiyo unakwenda kwenye barua pepe ambayo mama hajaifungua tangu siku alipotengenezewa. Dada anarudi nyuma, anabonyeza biashara nyingine ambayo haina tovuti ila ina namba kwenye ramani, na anapiga simu.

Ni rahisi kumcheka kijana, ila nadhani ana haki ya kusikilizwa. Aliomba picha, hakupewa. Aliomba bei, akanyimwa. Katikati ya kazi aliambiwa "niongezee kidogo hapo" mara kadhaa, na kila kidogo kilikuwa siku nzima ya kazi. Nusu ya mwisho ya malipo ilikutana na karo ya Januari, akazungushwa hadi Machi. Mtu akifanyiwa hivyo, kubaki na nywila mkononi huwa ndiyo dhamana yake pekee. Wenye biashara wanalalamika kwamba mafundi huwashikia tovuti mateka. Mafundi nao watakuambia kwamba tovuti waliyoikabidhi kabla ya kulipwa hawakulipwa kamwe. Wote wawili wanasema kweli, na wote wawili wamefanya kazi ya maelfu kwa mkataba wa mdomo.

Ukurasa mmoja wa karatasi ungetosha. Mambo yake si ya wakili. Jina lisajiliwe kwa jina la biashara, kwa barua pepe ambayo mwenye biashara anaifungua mwenyewe, na hilo lifanyike siku ya kwanza kwa simu ya mwenye biashara, fundi akiwa ameketi kando kumwelekeza. Akaunti ya kuhifadhia kurasa iwe vivyo hivyo. Malipo yagawanywe mafungu matatu, na fungu la mwisho lisiwe la siku ya kukamilika bali la siku ya kukabidhi, ambapo mwenye biashara anabadilisha bei ya chumba kimoja kwa mkono wake, fundi akimtazama bila kugusa chochote. Akishindwa, kazi haijaisha. Na pawe na kiasi kidogo cha kila mwezi kwa ajili ya matunzo, kilichoandikwa wazi kinalipia nini: marekebisho mangapi, na yafanywe ndani ya siku ngapi. Hapa wengi hushtuka. Mtu aliyekubali kutoa elfu thelathini kwa mkupuo anaona mia tano kwa mwezi ni kuibiwa. Lakini huyo huyo anamlipa mlinzi wa usiku kila mwezi bila kumuuliza amejenga nini.

Kuna jambo lingine ambalo karatasi hiyo lazima ilitaje kwa jina: nani ndani ya biashara ndiye karani wa tovuti. Isiandikwe "uongozi" wala "ofisi." Aandikwe binti anayekaa mapokezi, mwenye simu nzuri, na aongezewe kitu kidogo kwenye mshahara kwa kazi hiyo. Jumatatu asubuhi, kabla wageni hawajawa wengi, anafungua tovuti kwenye simu yake, anapiga namba iliyoandikwa pale kuona kama inaita, anatazama kama bei ni za leo. Ni kazi ya dakika kumi. Nikilazimishwa kuchagua kati ya fundi hodari wa Nairobi na binti wa namna hiyo mwenye tovuti mbovu ya ukurasa mmoja, namchukua binti.

Vikundi vya wakulima na vyama vya ushirika vina ugumu wao wa ziada. Pale tovuti hujengwa kwa fedha za mfadhili, kwa muda wa mradi, na ripoti ya mwisho hupelekwa ikiwa na picha za uzinduzi. Bajeti inafungwa, na ada ya mwaka unaofuata haina kifungu cha kuilipia. Katibu aliyekuwa na nywila anashindwa kwenye uchaguzi wa chama na anaondoka nazo, wakati mwingine kwa hasira. Anayetoa ruzuku angeweza kulitatua hili kwa sharti moja dogo: kikundi kioneshe, kabla ya kupokea hata shilingi, kwamba ada za miaka mitatu zimeshalipwa kwa jina la kikundi. Majina ya .ke yanaweza kulipiwa zaidi ya mwaka mmoja kwa wakati mmoja. Ni fedha kidogo kuliko chakula cha mchana cha siku ya uzinduzi.

Kama tayari una tovuti, usingoje bonasi. Leo hii ingia kwenye ukurasa wa KeNIC wa kutafuta majina, andika jina la biashara yako, na usome mambo mawili: msajili wake ni nani, na muda wake unakwisha lini. Kisha mpigie aliyekutengenezea, umlipe deni lake kama bado unalo, na umwombe aihamishie akaunti kwenye barua pepe yako angali anapokea simu zako.